Tulilikimbia joto la Mombasa tukahamia Kinanie: hesabu zetu baada ya miaka miwili

Wiki iliyopita shemeji yangu alinipigia simu kutoka Kisauni saa sita za usiku. Nilishtuka nikidhani kuna msiba. Kumbe hakuwa na lolote ila joto. Stima ilipotea tangu magharibi, feni imesimama, watoto wamelala sakafuni juu ya jamvi na bado jasho lawatoka. "Shemeji," akaniuliza, "huko kwenu mwajifunika?" Nikamwambia twajifunika, blanketi moja. Akanyamaza kidogo, kisha akasema lile hasa alilopigia simu. Ameonyeshwa ploti ya hamsini kwa mia huku Kinanie, kwa bei ambayo ukiitaja Mombasa watu watakwambia umesahau sifuri. Anafikiria kuuza fungu lake la nyumba ya baba yao, aje aishi "pahali pa hewa nzuri na maisha rahisi."

Usiku ule sikumjibu. Namjibu hapa, kwa sababu si yeye peke yake. Tangu kaskazi ianze nimeshapigiwa simu na watu wanne wa pwani wanaouliza swali hilo hilo, na wote huliuliza kana kwamba hewa nzuri na maisha rahisi ni kitu kimoja kinachouzwa pamoja.

Kwa asiyepajua, Kinanie iko kaunti ya Machakos, katika jimbo la Mavoko, kati ya barabara ya Mombasa na ile ya Kangundo. Ni nyanda tambarare, majani makavu, mawe, na vilima vya Lukenya kwa mbali. Miaka ya nyuma palikuwa pa ng'ombe. Sasa pana mabango ya ploti kila upande, viwanda vimesogea, na serikali ina eneo lake la viwanda vya ngozi hapa. Sisi tulihamia Januari 2023. Mume wangu kibarua chake cha Changamwe kilikuwa kimekwisha, akapata nafasi mbili kwa mshahara unaolingana, moja Mombasa na nyingine katika eneo la EPZ, Athi River. Tulikuwa na hiari. Tukachagua Athi River kwa sababu mbili: kodi ya nyumba, na mwanangu mdogo aliyekuwa akijaa harara mwili mzima kila ifikapo Februari, usiku halali, nasi hatulali.

Nianze na hewa, kwa kuwa ndiyo inayowavuta watu. Kila ukipanda mita 1,000 juu ya bahari, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Huku tuko karibu mita 1,500, kwa hivyo tuko chini ya Mombasa kwa nyuzi 9 au 10, na hilo halihitaji maajabu. Lakini nyuzi si kisa chote. Adhuhuri ya Februari hapa jua huwaka vizuri tu, linaweza kufika 28 au zaidi, na bado hutaabiki kama unavyotaabika Mombasa kwa nyuzi hizo hizo. Sababu ni unyevu. Hewa ya pwani imejaa maji ya bahari, jasho likitoka halina pa kwenda, linabaki mwilini. Hewa ya huku ni kavu, jasho lakauka papo hapo na mwili wapoa. Tena usiku. Mombasa mwezi wa Machi jua likizama joto halizami nalo, kuta za nyumba hulirudisha mpaka alfajiri. Huku jua likitua ni kama mtu amefungua mlango wa jokofu.

Mwanangu harara zilimtoka mwezi ule wa kwanza, na hazijarudi. Hilo nalisema mapema ili mtu asidhani nimekuja kulalamika.

Sasa pesa. Bombolulu tulikuwa twalipa kodi 16,000 kwa nyumba ya vyumba viwili vya kulala. Kinanie tulipata ya ukubwa ule ule kwa 10,000. Basi sote tuliimba: shilingi 6,000 kila mwezi! Nilishazipangia kazi kabla hata ya kufungua mizigo.

Ya kwanza kuzila ilikuwa nauli. Mombasa mume wangu alikuwa akitumia shilingi 100 kwa siku kwenda kazini na kurudi. Hapa ni 200, na siku za mvua, matatu zikikataa kuingia kwenye matope, bodaboda hudai juu ya hapo. Kwa siku 24 za kazi, nyongeza ni 2,400. Tumebaki na 3,600.

Kisha maji. Mimi ni mtoto wa Mombasa, shida ya maji si mgeni kwangu. Nimelelewa na mifereji inayokohoa na mizee ya mikokoteni. Lakini Mombasa ukikosa maji una jirani mwenye kisima, na kisima hicho si kirefu. Huku kisima huchimbwa kwa mashine, kinashuka mbali, na yanayotoka mara nyingi yana chumvi. Sabuni haitoi povu, chai ina ladha ya sarafu. Zaidi ya chumvi kuna kitu kisichoonekana wala kuonjwa, madini ya floridi, ambayo ni mengi katika visima vya sehemu hizi za Machakos, Kajiado na Nairobi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Yakizidi, meno ya watoto yanayoota hutoka na madoa ya kahawia ambayo hakuna mswaki utakaoyaondoa. Na kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki, kwa hivyo unazidi kuyakoleza. Mimi nilikuwa nachemsha kwa bidii miezi mitatu nikijiona mama mwangalifu, mpaka jirani Mkamba akanicheka na kunionyesha meno ya kijana wake.

Basi twanunua. Lori la maji, hapa waliita boza, huleta lita 10,000 kwa 6,000, nasi twagawana nyumba tatu. Ya kunywa na kupikia twanunua mbali, mitungi saba kwa mwezi kwa mia moja kila mmoja. Jumla 2,700, na Mombasa nilikuwa natumia kama 1,200. Nyongeza 1,500. Tumebaki na 2,100.

Stima ndiyo iliyonifunza zaidi, na hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo. Mombasa tulikuwa na feni mbili. Feni ya wati 60 ikizunguka saa kumi kwa siku hula uniti 18 kwa mwezi. Mbili ni uniti 36, ambazo kwa bei niliyokuwa nikilipa pamoja na kodi na makato ni kama shilingi 1,000. Kinanie hatuna feni hata moja. Elfu moja tumeokoa, alhamdulillahi. Lakini Juni ilipofika, mume wangu alifunga ile heta ya bafuni inayochemsha maji papo hapo. Heta kama hiyo huvuta wati 4,500. Watu watano wakioga dakika kumi kumi ni dakika 50 kwa siku, karibu uniti 4. Kwa mwezi zinapita 110. Shilingi 3,000 na zaidi, kwa kuoga tu! Na kwa kuwa tangu Aprili 2023 umeme wa nyumbani unauzwa kwa ngazi tatu, chini ya uniti 30, kisha mpaka 100, kisha zaidi ya 100, heta peke yake inakutupa ngazi ya juu kabla hujawasha taa.

Watu wa pwani twaamini joto ndilo lenye gharama. Si kweli kwa mtu wa feni. Kuusukuma upepo ni kazi ndogo, kuyapasha maji ni kazi kubwa sana. Mwenye kiyoyozi Nyali hesabu yake ni nyingine, yeye akihamia huku ataokoa kweli. Lakini shemeji yangu hana kiyoyozi, wala mimi sikuwa nacho.

Heta tuliizima. Sasa twabandika sufuria jikoni, na mtungi wa gesi wa kilo 13 uliokuwa ukinipeleka wiki saba Bombolulu hapa hauvuki tano. Hiyo ni kama 750 ya ziada kwa mwezi. Ukiitoa katika ile elfu ya feni, hewa ya Kinanie imetupa faida ya shilingi 250. Tuna 2,350.

Chakula sitakikalisha sana kwa sababu kimejifuta chenyewe. Sukuma, nyanya, maharagwe na viazi ni rahisi kuliko Kongowea, na maembe ya Ukambani yakiingia utakula mpaka uyachoke. Lakini nazi ni bei mara mbili na mara nyingine ukiivunja imeoza, na samaki wa bahari ni wa barafu, amesafiri kuliko mimi. Changu na tasi nimewasahau. Nimejifunza kupika ngege wa ziwa kwa tui, na nikila peke yangu huwa nakubali kwamba si mbaya.

Kinachosahaulika na kila anayehama ni kurudi. Sisi watu wa pwani haturudi nyumbani kwa kupenda tu. Kuna Idi, kuna harusi ambayo usipoonekana utatajwa miaka kumi, kuna maziko yasiyosubiri mtu. Treni ya SGR ndiyo rahisi kwetu kwa kuwa kuna stesheni Athi River. Lakini nauli ya daraja la kawaida ilipanda Januari 2024 kutoka 1,000 hadi 1,500. Watoto wangu watatu bado ni nusu nauli. Kwenda ni 5,250, kwenda na kurudi 10,500. Mara mbili kwa mwaka, bila msiba wowote, ni 21,000, yaani 1,750 kila mwezi.

Kutoka kwenye 6,000 tuliyoimba, imebaki 600.

Shilingi mia sita. Na bado sijamtaja mamangu.

Nia yetu ilikuwa mamangu aje aishi nasi. Ana miaka sabini na kitu, magoti yamsumbua, na Mombasa joto lilikuwa likimchosha mpaka hatoki kibarazani. Tukadhani baridi itamfaa kama ilivyomfaa mjukuu wake. Alikuja Mei 2024, mvua za masika zimekwisha, kila kitu kijani, akapapenda. Akasema huku ni kama Ulaya anayoiona kwenye televisheni. Juni ikaingia. Kwa msomaji wa pwani, Juni mpaka Agosti ni miezi mizuri, kusi yavuma, watu wapumua. Huku ndiyo miezi ambayo jua haliamki. Mawingu hukaa juu ya paa mpaka saa nane mchana, na usiku kipimajoto huweza kushuka karibu na 11. Nyumba zetu hizi za mawe na bati hazina dari ya maana, na sakafu ya simiti unaikanyaga kama barafu. Mamangu alivaa sweta mbili, leso mbili juu yake, na soksi za mume wangu. Magoti yalifunga. Alikuwa akiamka alfajiri hawezi kuinama kutawadha, namsaidia kwa maji ya moto, naye analia kimya kimya akidhani simuoni.

Na hakuwa na mtu wa kuongea naye. Kibarazani Kisauni mtu yeyote apitaye humwamkia, hupewa habari na huacha habari. Huku kila mtu yuko kazini, ploti zimeachana, mbwa wabweka. Jirani yangu Mkamba ni mwema, humletea maziwa, lakini Kiswahili chao wawili hakikutana sawasawa na mazungumzo yakiishia "habari ya baridi, cucu?" Mwisho wa Julai tulimpandisha treni na dada yangu akampokea Miritini. Yuko kwake mpaka leo. Namtumia 3,000 kila mwezi kwa dawa na mahitaji. Dada hakuniomba, lakini mzigo tuliokuwa tuubebe pamoja aubeba peke yake, na hilo silipi kwa M-Pesa.

Kwa hivyo kwenye karatasi, maisha yetu rahisi ya Kinanie yanatugharimu shilingi 2,400 zaidi ya Bombolulu kila mwezi.

Mtu ataniuliza, basi mwakaa kufanya nini? Swali la haki. Jibu liko kwenye cherehani yangu.

Mimi nashona. Mombasa kuanzia Desemba mpaka Aprili, kati ya saa sita na saa kumi mchana, nilikuwa sishoni. Si uvivu. Mikono hutoa jasho, kitambaa chateleza, kitambaa cheupe chapata madoa, na kichwa chauma. Usiku nako silali kwa sababu ya mtoto, asubuhi naamka nimechoka. Huku nashona tangu watoto waende shule mpaka warudi, sisimami ila kwa sala na chakula. Nashona sare za shule za huku, na mabuibui nayatuma Mombasa kwa basi. Ukitoa gharama ya kutuma, nimeongeza kama shilingi 4,000 kwa mwezi. Hapo ndipo hewa nzuri ilipoingia kwenye daftari kama pesa, kwa saa nne za mchana na usingizi wa usiku. Wala haikuingia pale nilipoitarajia, kwenye bili. Tukijumlisha, twapata kama 1,600. Ni kidogo, na magoti ya mamangu hayamo ndani yake.

Sasa shemeji, na wengine mlioniuliza. Tofauti yako na mimi si joto unalolihisi, sote tumelihisi. Tofauti ni kazi. Mimi kazi yangu ni ya kukaa ndani, na mteja wangu anafikiwa na basi. Wewe unaendesha tuktuk Kisauni. Joto halijakuzuia kazi hata siku moja, tena watu wasiotaka kutembea juani ndio wateja wako. Kila kona wakujua, mama fulani humchukui mwingine ila wewe. Hapa barabara za ndani ni za bodaboda, tuktuk ikiingia kwenye udongo wetu mweusi wakati wa mvua itabaki hapo mpaka kiangazi, na hakuna akujuaye. Hewa itakupa usingizi, hilo nakuhakikishia. Haitakupa abiria.

Na udongo huo nao una neno lake kwenye ploti. Ni udongo unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Ukijenga juu yake kama unavyojenga juu ya mchanga na matumbawe ya kwetu, ukuta utapasuka mwaka wa kwanza. Inabidi ukwanguliwe wote mpaka kwenye mwamba, kisha ujazwe kifusi cha mawe. Ndiyo maana bei ya ploti ni ndogo na bei ya msingi ni kubwa. Anayekuonyesha ploti hatakuonyesha msingi.

Juu ya hayo kuna hati. Oktoba 2023, hapa hapa Mavoko, tingatinga zilivunja nyumba za watu kwenye ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland, zaidi ya ekari 4,000, baada ya mahakama kuamua kwamba ardhi ni ya kampuni. Zilikuwemo nyumba za ghorofa. Wapo waliokuwa wamenunua kwa pesa zao na kupewa karatasi, na walikuwa na karatasi hizo mkononi wakati ukuta ukianguka. Sisi watu wa pwani, ambao twajua tangu utotoni maana ya kukaa juu ya ardhi ya mwenyewe asiyeonekana, tungepaswa kuwa wa mwisho kunaswa na jambo hili. Cheti cha hisa cha chama cha ushirika si hati ya kumiliki ardhi. Barua ya ugawaji si hati. Chukua nambari ya ploti, nenda mwenyewe ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi, ujue jina lililoandikwa ni la nani na kama kuna deni au zuio juu yake. Usimtume dalali akufanyie. Kisha mwite mpimaji akuonyeshe mawe ya mipaka, kwa sababu ploti unayoonyeshwa na ploti iliyo kwenye hati zinaweza kuwa mbili.

Fungu lako la nyumba ya Kisauni likishauzwa halirudi, bei ya kulirudisha hutaiweza. Kodi ya Kinanie ukiichoka waifunga kwa mwezi mmoja.

Nimeshazungumza na mume wangu kuhusu hili. Twakuomba uje, lakini uje Julai, usije Desemba wakati kila mahali bara panapendeza. Uje na mkeo na watoto, mlale wiki mbili kwenye chumba cha mamangu, kina kitanda na mablanketi manne. Utaoga kwa maji ya sufuria, utaenda Athi River alfajiri na kaka yako kwa matatu, utakunywa maji ya kisima na ya boza uone tofauti. Tutakwenda pamoja kuiangalia hiyo ploti ikiwa mvua imeinyeshea. Beba soksi. Na ukija, nipitie kwa dada uniletee nazi kumi, zile kavu, na umuulize mamangu kama zile sweta mbili bado anazihitaji au nizitoe.